Nilimwambia shemeji kwamba meli haina pa kushuka, na ilikuwa inasimama kila baada ya saa chache

Wakuu, salamu kutoka Thamesmead, kusini mashariki mwa London.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu na mwandishi wa mara chache. Haya ninayoandika leo sijawahi kuyaweka kwenye maandishi. Hakuna nilichoongeza. Vichache nimeviacha, kwa sababu ni vya mke wangu, si vyangu.

Nina miaka sabini na mbili. Nilisoma mpaka form four kule Kilimanjaro, nikahangaika kidogo, nikafika huku. Nimeendesha mabasi ya London miaka ishirini na nne mpaka nikastaafu.

Mke wangu tumwite Mama Upendo. Alifanya kazi ya care, kutunza wazee na wagonjwa, maisha yake yote ya huku. Upendo ndiye mtoto wetu wa pekee, anaishi Ilford na familia yake.

Kuna mtu mwingine lazima mumjue kabla sijaendelea. Dada Elinami, dada mkubwa wa mke wangu. Tulipokuja huku Upendo alikuwa na miaka miwili, na hatukuwa na makaratasi ya kumleta. Dada Elinami akamchukua. Akamlea Moshi mpaka alipotimiza miaka tisa. Miaka saba, wakuu. Yeye ndiye aliyemng'oa jino la kwanza, yeye ndiye aliyempeleka darasa la kwanza.

Kwa hiyo mkisikia "dada" kwenye uzi huu, msifikirie dada wa kawaida.

Sasa Norway inaingiaje?

Nikiwa form three tulikuwa na mwalimu wa Jiografia, Mnorwe. Alibandika ukutani picha ya meli nyeusi na nyeupe katikati ya milima yenye theluji. Alituambia ile si meli ya starehe, ni meli ya kazi. Inapanda pwani nzima ya kwao mpaka mpakani na Urusi, inapita bandari baada ya bandari, inashusha barua na friji na kupakia samaki, na bibi anapanda nayo kwenda kwa daktari wa meno bandari ya pili. "Ni basi," alisema, "ila linapita baharini."

Ile picha haikunitoka kichwani. Wakati mwingine niko kwenye usukani, foleni ya Woolwich haisogei, naiwaza.

Upendo aliijua hadithi hiyo. Tulipotimiza miaka arobaini ya ndoa akatukatia tiketi. Bergen mpaka Kirkenes, usiku sita, mwezi wa kumi. Mimi nililia. Mama Upendo akanicheka, "Mzee mzima unalilia meli."

Tulipanda Jumamosi jioni.

Ni kweli ilikuwa kama basi. Watalii tulikuwepo, lakini wenyeji walikuwa wanapanda na mifuko yao ya maduka, wanakaa bandari moja au mbili, wanashuka. Kila bandari mlango mkubwa wa ubavuni unafunguka, foklifti inaingia na kutoka, dakika kumi na tano, kamba zinafunguliwa, tunaondoka.

Mama Upendo alinunua kijidaftari Bergen. Kila bandari akawa anaandika jina, muda tuliosimama, na kitu kimoja alichokiona. "Namwandikia dada," alisema. "Nikimpigia nimsimulie yote kwa mpangilio, asije akasema nimeenda kulala tu."

Jumatatu asubuhi tukafika Trondheim. Hapo meli inakaa saa tatu. Mama Upendo akatoka na kina mama wawili wa Kiingereza kutafuta kofia za sufu. Mimi nikabaki gatini kutazama mizigo.

Simu yangu ikalia. Shemeji Godlisten, mdogo wake mke wangu, kutoka Moshi.

"Shemeji, uko na dada hapo?"

"Hapana, ametoka kidogo. Kuna nini?"

"Basi kaa chini."

Nikakaa juu ya nguzo fupi ya chuma wanayofungia kamba.

"Dada Elinami hatunaye. Alfajiri hii. Presha. Tulikuwa njiani kumpeleka hospitali, hatukufika naye."

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, hasa vijana mliozaliwa huku.

Kwetu habari ya msiba haipelekwi kwa mfiwa moja kwa moja. Anapigiwa mtu wa karibu, halafu huyo anatafuta namna. Pale Thamesmead, kwa miaka mingi, mtu huyo alikuwa mimi. Nyumba nyingi za Watanzania wa upande wetu, msiba ukitokea nyumbani, simu ya kwanza ilikuja kwangu. "Mzee, tusaidie kumwambia."

Na nilikuwa na utaratibu. Unasubiri mtu atoke shift. Unahakikisha amekula. Unakusanya kina mama wawili watatu, mmoja awe nesi ikiwezekana. Mnaingia nyumbani kwake, mnamkalisha, mnaomba, ndipo unasema. Kabla ya hapo anaambiwa tu kuwa "mgonjwa hajisikii vizuri". Nimewahi kumficha mtu siku tatu. Watu walinisifu. Waliniita mzee mwenye hekima, na mimi nikaamini.

Kwa hiyo Godlisten hakufanya kosa kunipigia mimi. Alifuata utaratibu.

Akaendelea: "Tunafikiria kuzika Alhamisi. Lakini kama dada anaweza kufika, tunasogeza mpaka Jumamosi, hata Jumapili. Ukoo umekubali. Wewe sema tu."

Wakuu, nilikuwa nimeketi gatini. Miguu yangu ilikuwa juu ya nchi kavu. Mbele yangu mlango wa meli ulikuwa wazi, na kijana wa foklifti alikuwa anashusha maboksi.

Nikasema: "Shemeji, hii meli haina pa kushuka mpaka mwisho wa safari, Ijumaa, na kutoka huko hatuwahi. Msimsubiri. Zikeni tu. Mimi nitajua namna ya kumwambia."

Akasema, "Sawa, shemeji. Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza kila siku tangu hapo.

Nilijiambia ni presha ya mke wangu, maana naye anayo, kwamba nikimwambia njiani ataanguka kama dada yake. Nilijiambia hakuna kina mama wa kumshika, hakuna nyumba, atapiga kelele mbele ya wazungu kwenye chumba cha kulia. Hizo sababu zilikuwepo.

Lakini chini yake kulikuwa na nyingine. Nilitaka kufika Kirkenes. Nilikuwa na miaka sabini na moja, na nilitaka ile picha ya ukutani niimalize. Ndivyo ilivyokuwa, na siwezi kuipamba.

Mama Upendo akarudi na kofia mbili nyekundu. Moja yake, moja ya dada Elinami.

"Unaonaje, itamtosha? Kichwa chake kikubwa."

Nikasema itamtosha.

Alasiri Upendo akanipigia. Ameshaambiwa na watu wa Moshi.

"Dad, please. Tell her."

"Nitamwambia tukifika nyumbani."

"Dad, I booked that trip. Inasimama kila mahali. Kesho mko Bodø, airport ni karibu na bandari, you can literally walk. Nimeshaangalia ndege."

Nikatumia sauti ya baba. Nikamwambia asinifundishe kazi niliyoifanya kabla hajajua kusoma. Nikamwambia mama yake akipata stroke itakuwa juu yake.

Upendo ni mtu mzima, ana watoto. Lakini alilelewa Moshi na dada Elinami, alifundishwa kutomjibu baba. Akasema, "Okay, Dad." Kesho yake akapanda ndege peke yake.

Nikamwambia mke wangu kwamba mtandao wa baharini una gharama kubwa, tuuzime kwenye simu zote mbili mpaka mwisho. Wangu nilikuwa nauwasha chooni.

Jumanne asubuhi tukavuka mstari wa Aktiki. Pale wana desturi yao. Abiria wanakusanyika nje kwenye sitaha, wahudumu wanakuja na ndoo ya maji ya barafu, anayetaka anamwagiwa upawa mzima shingoni, ndani ya nguo.

Mama Upendo akajitokeza wa pili. Mimi nikarekodi.

Video hiyo bado ninayo. Anaruka, anapiga kelele, "Mamaaa! Yesu wangu!", anacheka mpaka anashika tumbo. Halafu anatazama kamera moja kwa moja: "Dada Elinami, umeona wanavyonifanya huku?"

Dada Elinami alikuwa mochwari siku ya pili.

Bodø tulikaa saa mbili na nusu. Tukatembea mjini. Ndege ikapita chini chini juu ya vichwa vyetu inatua. Mama Upendo akainua uso. "Kumbe uwanja uko hapa hapa. Mtu akichoka na mume anashuka melini anaenda zake Moshi."

Nilicheka naye.

Tulipoondoka Bodø akapanda mama mmoja wa Kinorwe, wa umri wetu, amebeba shada la maua kwenye boksi. Akakaa meza ya jirani. Mke wangu hawezi kuona mtu mpweke akanyamaza, ni ugonjwa wa watu wa care. Wakaanza kuongea Kiingereza.

Yule mama alikuwa anakwenda visiwani, bandari ya pili mbele, kumzika kaka yake.

Mke wangu akamshika mkono. "Pole sana. Lakini mshukuru Mungu umeambiwa mapema, unakwenda kumuaga. Sisi kwetu tunafichwa."

"Mnafichwa? Na nani?"

"Na watu kama huyu." Akanionyesha mimi, kwa fahari. "Mume wangu ndiye anayeitwa kuwapa watu habari. Anajua. Hana haraka."

Yule mama akanigeukia. Akauliza inakuwaje. Nikamweleza utaratibu wangu, shift, chakula, kina mama, kukaa chini. Nilieleza vizuri kabisa, kama ninavyowaeleza ninyi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na wakati huo wote, wewe unajua na yeye hajui?"

"Ndiyo."

"Mnakula pamoja?"

"Ndiyo."

"Huo ni mzigo mkubwa kuubeba."

Nikasema, "Mtu anazoea."

Mke wangu akanipapasa goti. Baadaye yule mama alishuka na maua yake, watu wawili walikuwa wanamsubiri gatini, wakamkumbatia. Mke wangu akasimama dirishani mpaka wakapotea. Akaandika kwenye kijidaftari.

Jumatano tulikuwa Tromsø, saa nne nzima. Hapo nilisema kimoyomoyo, leo namwambia. Tukaingia mgahawani. Nikamwagizia supu, nikasubiri amalize, kwa sababu lazima mtu ale kwanza. Akamaliza. Akanitazama, akasema, "Hujambo wewe? Tangu juzi umenyamaza. Hii safari hujaifurahia?"

Nikamwambia nimeifurahia sana.

Alhamisi meli ilitia nanga ya saa kadhaa Honningsvåg, tukapanda basi la watalii mpaka kwenye lile jabali la mwisho wa Ulaya, pana sanamu ya dunia ya chuma. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Mazishi yalikuwa saa nane ya Moshi, ambayo kule ni saa saba. Nilikuwa naitazama saa yangu. Saa saba na dakika chache mke wangu alikuwa amesimama chini ya ile dunia ya chuma, amevaa kofia nyekundu, anampa mtalii simu yangu atupige picha pamoja.

Tumesimama tumeshikana mikono kwenye picha hiyo.

Ijumaa tukafika Kirkenes. Wakuu, Kirkenes ni mji mdogo wa kijivu wenye maghala. Sikuona chochote. Miaka hamsini na kitu ya kuiwaza, na nilikuwa nataka tu kuondoka.

Tukapanda ndege kurudi. Njiani akaanza kulalamika Upendo hapokei simu.

Jumamosi alasiri nikafanya kazi yangu kwa utaratibu. Nilikuwa nimewapanga kina mama watatu wa kwaya, mmoja nesi, na katibu wa chama chetu cha Watanzania. Mke wangu alikuwa ameshakula. Kengele ikalia, akafungua yeye mwenyewe, akawaona wamesimama na kanga mabegani.

Kina mama hawa aliwahi kwenda nao nyumba nyingi. Alijua kabla sijafungua mdomo.

"Nani?" akauliza.

Nikasema tukae kwanza.

"Nani, Baba Upendo?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimemficha siku zote hizo kwa kuogopa kelele, na hakupiga. Alikaa. Akauliza, "Lini?" Nikasema Jumatatu. Kina mama wakainama. Akauliza, "Tunazika lini?"

Katibu akanitazama mimi.

Mke wangu akachukua simu, akampigia Godlisten, akaiweka spika mezani. Godlisten alilia kwanza. Kisha akasema, "Dada, tulitaka kukusubiri. Tulisema hata Jumapili. Shemeji akasema meli haina pa kushuka."

Mke wangu akakata simu. Akainuka, akaenda kwenye begi ambalo hatujalifungua bado, akatoa kile kijidaftari. Akavaa miwani. Akasoma, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kama anasoma orodha ya dukani.

"Trondheim, saa tatu. Nimempata dada kofia. Rørvik, nusu saa, mvua. Brønnøysund, mtoto anapunga mkono. Ørnes, dakika kumi, mlango haukufungwa vizuri. Bodø, saa mbili na nusu, uwanja wa ndege uko karibu."

Akaendelea. Aliyasoma yote, majina mengine yalimshinda kutamka. Hakuruka hata moja. Alipofika Tromsø, mmoja wa kina mama akasema, "Basi, mama, inatosha." Akajibu, "Hapana. Nilimwandikia dada. Acha nimalizie."

Alipomaliza alivua miwani akanitazama. "Wewe umefungua milango ya basi miaka ishirini na nne. Ya kwangu ndiyo ikakushinda."

Hilo ndilo jambo la mwisho aliloniambia kama mke.

Wiki hiyo hiyo alikwenda Moshi, akakaa miezi miwili. Kofia nyekundu ya dada aliiacha kaburini, nimeambiwa na Upendo. Aliporudi London hakuja kuishi Thamesmead. Yuko Ilford kwa Upendo mpaka leo, mwaka umepita.

Hajanitukana. Hajaomba talaka. Kila Jumamosi nachukua basi mpaka Abbey Wood, napanda treni ya Elizabeth line, nabadilisha Whitechapel, nafika Ilford. Wajukuu wananiambia "Hi, Babu" bila kutoa macho kwenye simu. Upendo ananipokea koti. Mama Upendo anasema, "Karibu," ananitengea chai kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani.

Kikombe changu cha miaka yote, kikubwa cha bati, alikichukua mwenyewe kutoka Thamesmead alipohamia. Nakiona kabatini pale. Hakitoi.

Nakunywa, namuaga, naondoka.

Mwezi uliopita katibu akanipigia. Kuna binti, mfanyakazi wa care, amefiwa na baba yake Dodoma. "Mzee, yuko kwenye kochi, basi la masafa marefu, anakwenda Leeds kwenye training ya siku tatu. Tunasema tumwache amalize, akirudi uende na kina mama."

Nikamwambia, "Mpigieni sasa hivi."

"Yuko njiani, mzee. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Ndiyo. Niliwafundisha vibaya. Nipe namba."

Nikampigia mimi. Nikamuuliza jina lake, nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia baba yake amefariki asubuhi, na mazishi bado. Alipiga kelele ndani ya lile kochi. Niliisikia yote. Nilisikia mwanamke wa Kiingereza anamuuliza, "What is it, love?" na kumshika. Sikukata simu. Kochi liliposimama kituo kilichofuata akashuka, na sisi tukawa tumeshamtafutia ndege. Alimzika baba yake.

Jumamosi iliyofuata nikamsimulia Mama Upendo. Sikutaka sifa. Nilitaka tu ajue.

Akauliza, "Ulimpigia wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Akawahi?"

"Akawahi."

Akasema, "Afadhali yeye." Akainuka, akaenda kabatini. Nilimtazama mkono wake. Ulipita mbele ya kile kikombe cha bati, ukasimama kidogo.

Akashusha cha wageni.

Wakuu, nilichojifunza nakisema kwa ufupi. Habari ya msiba si mali ya aliyepigiwa simu. Ni ya mfiwa. Kumsubiri akae chini, sawa. Kumsubiri ale, sawa. Lakini ukianza kumchagulia kama atamzika mtu wake au hatamzika, hapo humsaidii tena, unamwibia, na hicho hutaweza kukirudisha. Na kama ndani ya huruma yako kuna kitu unachokitaka wewe, kiangalie vizuri kabla hujafungua mdomo.

Waliowahi kufichwa, niambieni mliwezaje kukaa tena meza moja na aliyewaficha, kama mliweza. Waliowahi kuficha kama mimi, nanyi semeni. Wenye kunisema vibaya pia waseme, nitasoma yote.

Na kama sasa hivi una simu mfukoni yenye habari ya mtu mwingine, acha kusoma uzi huu. Mpigie.